Selimundu Haina Upande wa Mama

"Kwetu hakuna ugonjwa huo."

Maneno hayo husikika sana pale mtoto anapogundulika kuwa na selimundu, na mara nyingi msemaji hutoka upande wa baba. Anaweza kuwa baba mwenyewe, anaweza kuwa bibi mzaa baba, anaweza kuwa wifi aliyekuja wodini kumjulia hali mgonjwa akiwa na chupa ya uji mkononi. Hayasemwi kwa kelele. Lakini yakishatoka, kesi imekwisha kuamuliwa: ugonjwa umeingia na mama, kama alivyoingia na masanduku yake siku ya harusi. Yanayofuata tunayajua sote. Safari za hospitali zinakuwa za mama peke yake, fedha ya matumizi inaanza kupungua, na si ajabu baada ya muda ukasikia kuna mwanamke mwingine anayetafutwa, mwenye "damu safi".

Maneno hayo si kweli. Wala hapa hakuna suala la kila mtu na maoni yake. Mtoto mwenye selimundu ya aina iliyoenea kwetu amepokea kinasaba kimoja kutoka kwa mama na kingine kutoka kwa baba. Kwa mzazi mmoja peke yake ugonjwa huo hauji. Hili limejulikana tangu 1949, pale James Neel huko Marekani na E. A. Beet, daktari wa serikali ya kikoloni katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, walipoonyesha, kila mmoja kwa utafiti wake, kwamba wazazi wote wawili wa mtoto mgonjwa hubeba chembechembe hiyo ya urithi hata kama wao wenyewe hawaumwi. Ni zaidi ya miaka 70 sasa. Habari imefika maabara, imefika vyuo vya uuguzi, imefika hata kwenye vitabu vya biolojia vya sekondari, lakini kwenye vikao vya familia bado haijafika.

Na hili si jambo la familia chache zenye bahati mbaya. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu, pamoja na Nigeria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na India. Makadirio yanayotumika mara nyingi ni watoto 11,000 hivi kila mwaka. Kila mmoja wao ana baba.

Tuanze na urithi wenyewe ulivyo. Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, na karibu kila aina ya seli ina kiini ambamo ndani yake zimo kromosomu 46. Zimepangika katika jozi 23. Kila jozi ina moja iliyoletwa na yai la mama na nyingine iliyoletwa na mbegu ya baba. Kromosomu ni uzi mrefu wa DNA uliokunjwa, na DNA huandikwa kwa herufi nne tu za kikemikali, A, T, G na C, zinazofuatana kwa mpangilio maalumu. Seti moja kamili ya mwanadamu ina herufi kama bilioni 3. Ndani ya mfululizo huo yamo mafungu yenye maelekezo ya kutengeneza protini, na hayo ndiyo vinasaba, au jeni kama wengine wanavyoita. Vya kutengeneza protini ni kama 20,000. Karibu vyote tunavyo viwili viwili, kimoja cha mama na kimoja cha baba. Kwa hiyo mtoto hatoki kwa baba wala kwa mama. Hutoka kwa wote, nusu kwa nusu, hata kama sura nzima imemfuata shangazi.

Kinasaba kinachotuhusu leo kiko kwenye kromosomu ya 11. Kazi yake ni kutoa maelekezo ya kutengeneza sehemu mojawapo ya himoglobini, protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu, ile inayobeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kwenye misuli, ubongo na viungo vingine. Katika selimundu, herufi moja tu imebadilika: palipotakiwa kuwa na A pamekaa T. Mwaka 1957 mtafiti Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, Uingereza, alionyesha matokeo ya badiliko hilo kwenye protini yenyewe: asidi amino moja, ya sita katika mnyororo wake, imeondoka na nyingine imekaa mahali pake.

Herufi moja. Lakini protini hiyo mpya ina tabia yake. Ikishaachia oksijeni, molekuli zake hushikana na kujipanga kama fito ndefu ngumu ndani ya chembe ya damu. Chembe iliyokuwa mviringo na laini, inayojipinda na kupenya kila mahali, hukakamaa na kujikunja umbo la mundu. Chembe za namna hiyo hukwama kwenye mishipa midogo, na pale zilipokwama damu haipiti, na pale damu isipopita mwili huuma. Wanaoyajua maumivu hayo hawapendi hata kuyasimulia. Zaidi ya hayo, chembe nyekundu ya kawaida huishi siku kama 120, ilhali ya selimundu huishi kati ya 10 na 20. Mwili hautengenezi mpya kwa kasi hiyo, ndiyo maana mtoto hukosa damu kila mara, na macho yake huwa ya njano kutokana na mabaki ya chembe zilizovunjika.

Mwenye kinasaba kimoja kilichobadilika na kimoja cha kawaida, ambaye wahudumu wa afya humwandika AS (A hapa si ile herufi ya DNA, ni himoglobini ya kawaida, na S ni ya selimundu), hutengeneza himoglobini za aina zote mbili, na ile ya kawaida humtosha. Anacheza mpira, analima, anabeba mizigo, anazeeka. Ndiyo maana baba anayegonga kifua na kusema hajawahi kulazwa hata siku moja hajathibitisha chochote. Anaweza kuwa anasema kweli tupu na bado akawa ndiye aliyetoa nusu ya ugonjwa wa mwanawe.

Hesabu yake ni fupi. Baba AS hutoa mbegu za aina mbili kwa kiasi sawa, zenye A na zenye S. Mama AS naye mayai yake ni hivyo hivyo. Mimba inapotungwa, nafasi ya mtoto kupata S kutoka pande zote mbili, yaani kuwa SS, ni moja kati ya nne. Nafasi ya kuwa AS kama wazazi wake ni mbili kati ya nne, na ya kuwa AA, asiye nacho kabisa, ni moja kati ya nne. Hapa watu wengi hupotea njia. Wakisikia "mmoja kati ya wanne" hudhani kwamba akishazaliwa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Kila mimba huanza upya na nafasi zile zile, haijui kilichotokea kwa kaka zake. Zipo familia zenye watoto watano wote wazima, na zipo zenye watatu wagonjwa mfululizo, na wazazi wa familia zote mbili ni AS na AS. Tofauti yao si uchaji wala mwenendo.

Kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa hesabu hii ina uzito wa pekee. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi na Hospitali ya Bugando, Mwanza, walipima matone ya damu makavu yaliyokwisha kuchukuliwa kutoka kwa watoto wachanga wa kaskazini magharibi mwa Tanzania kwa ajili ya kipimo cha VVU. Karibu mtoto mmoja kati ya watano alikuwa AS. Wenye selimundu yenyewe walikuwa zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia. Namba hizo mbili zinaelezana. Ukimchukua mwanamume yeyote wa huko, nafasi ya kuwa AS ni moja kati ya tano. Mwanamke vivyo hivyo. Basi ndoa moja kati ya 25 ina wote wawili AS. Na robo ya watoto wa ndoa hizo watakuwa SS. Robo ya moja kati ya 25 ni moja kati ya 100. Uganda nayo ilipima sampuli za watoto karibu 100,000 nchi nzima, na asilimia 13.3 walikuwa AS, chini sana kusini magharibi na juu zaidi maeneo ya mashariki na kaskazini. Sasa mtu wa Mwanza, au wa Lira kaskazini mwa Uganda, anayesema "kwetu hakuna" anazungumzia "kwetu" ipi? Katika ukoo wa watu 50 wa maeneo hayo, ingekuwa ajabu asipatikane hata mmoja mwenye AS.

Kinachoipa lawama nguvu ni namna ugonjwa unavyojitokeza. Mtoto wa selimundu huzaliwa mzima. Uzito wake mzuri, ananyonya, anacheka, majirani wanamsifia. Anafikisha miezi minne, mitano, hana tatizo. Kisha siku moja mama anaona vidole vimevimba, vya mikono au vya miguu au vyote pamoja, vimenenepa na kukaza, na mtoto analia kila akiguswa. Anapelekwa zahanati, anapewa dawa ya malaria au ya maumivu, uvimbe unashuka, na wiki kadhaa baadaye unarudi. Mtoto aliyekuwa mnene amepauka. Hapo ndipo maneno huanza. Kuna jicho baya. Kuna aliyemshika mtoto sokoni. Mama ameacha kunyonyesha vibaya, au amebemenda mtoto, yaani hakutulia. Kwa kuwa mtoto alizaliwa mzima, kila mtu anaamini kuna kitu kimetokea katikati, na aliyekuwa na mtoto saa zote ni mama.

Kilichotokea katikati kinajulikana. Mtoto akiwa tumboni hatumii himoglobini tunayotumia watu wazima. Ana yake, ya utotoni, inayotengenezwa kwa maelekezo ya vinasaba vingine vilivyo jirani na kile kinasaba chetu kwenye kromosomu hiyo hiyo ya 11, na hiyo haina kasoro. Baada ya kuzaliwa mwili huanza kuzima vinasaba vya utotoni na kuwasha vya utu uzima, polepole, na baada ya miezi kama sita hivi zamu inakuwa imekwisha kubadilika. Herufi iliyokosewa ilikuwamo tangu siku ya mimba. Ilikuwa haijaanza kusomwa. Mimi naliona hili kuwa moja ya mambo makubwa ambayo elimu ya urithi imetufunulia: kuwa na kinasaba ni jambo moja, na kinasaba hicho kufanya kazi ni jambo jingine. Seli ya jicho na seli ya ini za mtu mmoja zina DNA ile ile, lakini kila moja husoma sehemu yake. Kinasaba cha himoglobini kimo hata kwenye ngozi ya kisigino, kimelala. Kwenye uloto wa mifupa, mahali chembe nyekundu zinapotengenezwa, kiko kazini mchana na usiku. Hakuna jicho la mtu sokoni linaloweza kukiwasha wala kukizima.

Ukienda nyuma kidogo utaona lawama hii ina ndugu zake. Mwanamke anayezaa mabinti watupu amesemwa sana katika jamii zetu, na ameolewewa wake wenza kwa sababu hiyo, wakati mama hana kromosomu nyingine ya jinsia ya kumpa mtoto ila X. Ni mbegu ya baba ndiyo hubeba ama X ama Y, na ndiyo huamua. Mtafiti Nettie Stevens wa Marekani aliliona hilo kwa wadudu mwaka 1905. Mwanamke aliyejifungua mtoto mwenye ualbino naye ameachwa na mume, akituhumiwa kwamba alitembea na Mzungu. Ualbino wa aina iliyoenea Tanzania hufuata hesabu ile ile ya selimundu: kinasaba kimoja kutoka kwa mama, kimoja kutoka kwa baba, wazazi wote wawili weusi kama mimi na wewe. Tena Mzungu asiye na kinasaba hicho hawezi kumpa mtu mtoto mwenye ualbino hata akitaka. Katika yote matatu, mwanamume ama ametoa nusu ama ametoa neno la mwisho, na katika yote matatu mwanamke ndiye aliyerudishwa kwao.

Kuna historia ambayo natamani kila familia yenye mtoto wa selimundu iisikie, kwa sababu inaondoa aibu kabisa. Tony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Oxford, alijiunga na msafara wa kisayansi kwenda Mlima Kenya, na kazi yake ilikuwa kuchukua damu za watu wa makabila mbalimbali. Alipopima AS aliona jambo la ajabu. Watu wa Pwani na wa kando ya Ziwa Viktoria walikuwa nayo kwa wingi, zaidi ya asilimia 20 mahali pengine. Watu wa nyanda za juu na wa maeneo makavu walikuwa nayo kidogo sana. Ukiweka ramani hiyo juu ya ramani ya malaria, zinalingana. Allison alirudi mwaka 1953 kufanya utafiti zaidi, na mwaka 1954 alichapisha hoja yake: mwenye AS hukingwa na malaria kali.

Wengi hawakumwamini mwanzoni. Baadaye ushahidi ukajaa, na mwingine umetoka hapa hapa kwetu. Huko Kilifi, Kenya, katika utafiti uliochapishwa 2005, watoto wenye AS walionekana kuwa na kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali ikilinganishwa na watoto AA. Hakuna chanjo ya malaria tuliyo nayo hadi leo inayofikia hapo. Maana yake ni kwamba kwa maelfu ya miaka, katika kila kijiji cha Pwani na cha Ziwa, malaria ilipopita ikichukua watoto, waliobaki walikuwa na AS zaidi ya waliozikwa. Hao ndio walioishi, wakaoa, wakaolewa, wakatuzaa. Kinasaba hiki hakikuingia katika ukoo kwa laana wala kwa damu chafu. Kimo kwa sababu kiliwaokoa wazee wetu, wa kikeni na wa kiumeni, na gharama ya kuokoka huko wanailipa leo watoto waliokipata mara mbili.

Sasa nije kwenye kipimo, maana hapa nako lawama hupata mwanya. Kipimo cha zamani, cha kuweka tone la damu pamoja na kemikali na kuangalia kwa darubini kama chembe zitajikunja, husema tu kama S imo. Hakitofautishi AS na SS, na kwa mtoto mchanga ambaye bado ana himoglobini ya utotoni kinaweza kudanganya kabisa. Kinachotakiwa ni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Siku hizi vipo pia vile vya haraka, vya tone la damu kwenye kidole, vinavyotoa jibu kwa dakika chache. Na nitoe tahadhari kwa wale wanaokimbilia hukumu. Ikitokea baba amepimwa na hakuonekana na S, hiyo si ruhusa ya kumtuhumu mkewe kwa uzinzi. Kuna kasoro nyingine za kinasaba hicho hicho, kama thalasemia, ambazo zikiungana na S ya mama huleta ugonjwa wa jamii ya selimundu, na kipimo rahisi hakizioni. Wazee walisema kitanda hakizai haramu. Mwenye shaka na amwone mtaalamu, asimtangulize mama mkwe.

Nimeuliza mara nyingi kwa nini baba hakai kliniki. Kliniki ya selimundu katika hospitali yoyote kubwa ya nchi hii utaitambua kwa mabenchi yake: wanawake na watoto, wanawake na watoto, hapa na pale bibi mmoja, na wanaume wa kuhesabu kwa vidole. Kadi ya kliniki inashikwa na mama. Ratiba ya dawa anaijua mama. Usiku maumivu yakianza, anayejua kwamba mtoto anywe maji mengi, afunikwe asipate baridi, apewe dawa ya kutuliza na apelekwe hospitali mara homa inapopanda, ni mama. Sidhani wanaume wote hao hawana upendo. Wengi wameaminishwa kwamba jambo hili si lao, na aliyewaaminisha ni yule yule aliyesema "kwetu hakuna".

Na kukosekana kwao kunaua. Nasema hivyo nikijua uzito wake. Mtoto wa selimundu aliyepata matunzo ya mapema ni tofauti kabisa na asiyeyapata. Bandama yake huharibika mapema, na bila bandama bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo humwua haraka. Ndiyo sababu hupewa penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku hadi atimize miaka mitano. Utafiti wa Marekani wa 1986 ulionyesha dawa hiyo ya bei ndogo ilipunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84. Chanjo za kliniki humlinda, foliki humsaidia kutengeneza damu, chandarua humkinga na malaria ambayo kwake ni hatari kuliko kwa mtu mwingine. Kisha iko haidroksiurea, na dawa hii inaturudisha kwenye vinasaba: inauamsha mwili utengeneze tena himoglobini ile ya utotoni iliyokwisha kuzimwa. Utafiti uliochapishwa 2019, uliofanyika Angola, Kongo, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda, ulionyesha watoto waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo.

Tiba kubwa zaidi nazo zipo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, na uloto huo hutoka kwa ndugu wa damu anayelingana na mgonjwa. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba, ambayo kazi yake ni kukata swichi inayozima himoglobini ya utotoni. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5 za Tanzania. Naifurahia sayansi hiyo. Lakini mtoto wa Sengerema hafi kwa kukosa dola milioni 2.2. Anakufa kwa kukosa penisilini, kwa kuwa hakuna aliyejua ana selimundu. Inakadiriwa kwamba Afrika, bila kugunduliwa mapema na kutunzwa, zaidi ya nusu ya watoto hawa hawafikishi miaka mitano.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwa serikali, nalo si geni. Profesa Julie Makani na wenzake wa Chuo Kikuu cha Muhimbili wamelisemea kwa miaka. Mtoto apimwe selimundu anapozaliwa, katika kila hospitali na kituo cha afya, kama anavyopimwa uzito. New York ilianza kupima wachanga wake 1975. Ghana ilianza Kumasi katika miaka ya 1990 ikiwa na uwezo usiopishana sana na wetu. Damu ya kisigino tumekwisha kujua kuichukua kwa ajili ya VVU, maabara zipo, na utafiti wa Mwanza umeonyesha kwamba tone lile lile linatosha. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa 2023, itakuwa na maana kwa familia hizi ikiwa haidroksiurea itapatikana kwenye kitita cha msingi, si kwa aliyejaliwa ajira peke yake.

La pili ni kwa viongozi wa dini na wazee wanaofungisha ndoa. Makanisa mengi yamezoea kuwataka wachumba wapime VVU kabla ya kutangazwa. Kipimo cha himoglobini kiongezwe hapo, na misikiti ifanye hivyo hivyo. Saudi Arabia imekifanya cha lazima kabla ya ndoa tangu 2004. Mimi sitaki kiwe cha kuvunja uchumba. AS na AS wanaopendana wana haki ya kuoana. Wanachohitaji ni kujua, ili wakipata mtoto apimwe wiki ile ile na waanze dawa kwa wakati. Tena nasisitiza wapimwe wote wawili, na majibu wapewe wote wawili kwa pamoja. Nahofia sana kipimo kitakachogeuka kuwa fimbo nyingine ya kuwachapia mabinti, ambapo msichana AS anaambiwa hafai kuolewa na kijana AS haulizwi chochote. Mwenye AS akioana na AA hawapati mtoto SS hata mmoja, na hilo ni sawa sawa awe mke au mume.

La mwisho ni kwako, baba mwenye mtoto anayeumwa. Nusu ya ugonjwa ule umeitoa wewe, bila kujua na bila kosa, kama mama yake. Chukua kadi ya kliniki, soma tarehe iliyoandikwa, na siku hiyo muende wote wawili.